Mafuta yasiyo na DNA ndani yake: yaandikwe GMO au yasiandikwe?

#1 Mlango wa Nne (mleta mada)

Salaam wakuu. Kuna jambo linanikera, naomba tulichambue.

Chukua chupa mbili za mafuta ya soya. Moja imetokana na soya ya kawaida, nyingine na soya iliyobadilishwa vinasaba (ndiyo GMO) ili istahimili dawa ya kuua magugu. Yote yamekamuliwa, yakaondolewa rangi na harufu, yakapita kwenye joto kali. Ukiyapeleka maabara, hakuna atakayekuambia ipi ni ipi, maana DNA na protini zimebaki kwenye mashudu.

Umoja wa Ulaya wanasema iandikwe. Kanuni zao za 2003, namba 1829 na mwenzake 1830, zinauliza mmea ulikuwa upi, haziulizi kilichobaki kwenye chupa. Japani, Australia na New Zealand wanasema hakuna haja. Marekani nao, sharti lao la lazima lililoanza 1 Januari 2022 liliruhusu mafuta na sukari vipite kimya ikiwa vinasaba vilivyobadilishwa havionekani kwenye kipimo.

Msimamo wangu: iandikwe. Anayenunua chakula analipia pia namna kilivyolimwa, na ana haki ya kujua anachokilipia. Anayepinga aje na hoja.

#2 Darubini

Napinga, na naongea kama mtu anayepima nafaka kwa kazi.

Unga ukija kwetu tunatoa DNA, tunaiweka kwenye mashine ya PCR, inayonakili DNA mara nyingi mpaka ionekane, tunatafuta vipande viwili vya DNA, cha kuwasha jeni na cha kuonyesha inapoishia, vilivyotumika kwenye mazao mengi ya GMO: kianzishi cha 35S, kilichotolewa kwenye virusi vya koliflawa, na kimalizio cha NOS, kilichotolewa kwenye bakteria wa udongoni. Vikijitokeza tunaendelea kutafuta ni mbegu gani hasa na ni asilimia ngapi. Unga mbichi haunisumbui. Biskuti inaanza kunisumbua, kwa sababu tanuri limeshaikatakata DNA vipande vifupi. Mafuta yaliyosafishwa? Mstari kwenye kioo cha mashine unalala chali kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho.

Sasa mwenye kiwanda akiacha kuandika, nani atamkamata? Mkweli ataandika, mjanja hataandika, na mimi sina cha kumshika nacho. Sheria ya namna hiyo inamtoza kodi mwaminifu.

#3 Wakili wa Mlaji

Darubini, kuna mambo mengi kwenye pakiti ambayo maabara haiyaoni na bado yanaandikwa. Mayai ya kuku wanaofugwa nje. Kilimo hai. Nchi mazao yalikotoka. Yote yanalindwa kwa karatasi: risiti, mikataba, ukaguzi wa ghala. Kanuni 1830 kazi yake ndiyo hiyo. Kila anayeuza anampa mnunuzi wake maandishi kwamba mzigo huu umetokana na GMO, na maandishi hayo yanatunzwa miaka 5. Mjanja anakamatwa kwenye vitabu vyake, huhitaji kuigusa chupa.

Halafu mleta mada, ongezea hapo kwa Marekani. Oktoba 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilisema wizara ya kilimo ilikosea kisheria kuviondoa moja kwa moja vyakula vilivyosafishwa sana kwa hoja kwamba vinasaba havionekani. Kutoonekana kwenye kipimo si sawa na kutokuwepo. Kwa hiyo huo msamaha uliousema hauko imara tena.

#4 Mlango wa Nne

Asante Wakili, hiyo inanipa nguvu zaidi.

#5 Mama Nuru

Mnabishania mafuta, mimi nina mtoto mwenye mzio wa soya. Nikiingia dukani nageuza kila pakiti, nasoma yale maandishi ya mgongoni yaliyobanana kama siafu, na ninachotafuta ni neno moja tu: soya. Iwe ya GMO au isiwe, midomo yake itavimba. Kwa hiyo hiyo lebo yenu kwangu ni mapambo, na nafasi inayochukua ningependa wapewe herufi kubwa zaidi watu wa mzio.

Ila nina swali la kweli. Wakichukua jeni kutoka mmea mmoja wakaitia kwenye mwingine, mzio hauhami nao?

#6 Darubini

Dada, unaweza kuhama, na imeshatokea maabara. Kampuni ya Pioneer Hi-Bred ilitaka soya yenye methionini (kijenzi cha protini) nyingi kwa ajili ya chakula cha mifugo, ikachukua jeni kutoka njugu za Brazil. Watafiti wakachukua damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo wakaijaribisha na ile soya mpya. Kingamwili zikaikamata protini ile ile. Matokeo yalichapishwa 1996 na soya hiyo haikuuzwa kamwe.

Tangu zamani hizo, protini mpya inakaguliwa kwanza: inafanana na kizio (kitu kinacholeta mzio) gani kinachojulikana, inameng'enywa haraka kiasi gani tumboni. Mmea ukishindwa hapo, unapaswa kuishia hapo, usifike kwenye hatua ya kuzungumzia lebo.

#7 Nyuki Dume

Umejijibu mwenyewe Darubini! Kama ilitokea mara moja inaweza kutokea tena. Na wale panya wa Ufaransa waliolishwa mahindi ya GMO wakaota uvimbe mkubwa kama mpira wa tenisi? Picha zilizunguka dunia nzima. Mnataka tusiandikiwe ili tule kimya kimya?

#8 Mzee wa Takwimu

Nyuki Dume nilikuwa nakusubiri hapo hapo 😀

Utafiti huo ni wa Gilles-Éric Séralini na wenzake, Septemba 2012, jarida la Food and Chemical Toxicology. Panya walikuwa aina ya Sprague-Dawley, ambao hata wakila chakula cha kawaida huota uvimbe kwa wingi wakifikisha miaka miwili. Kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa jinsia moja. Kwa panya wa aina hiyo na idadi hiyo huwezi kutenganisha madhara ya chakula na bahati mbaya. Jarida likaufuta utafiti Novemba 2013.

#9 Nyuki Dume

Mbona husemi ulichapishwa upya 2014? Na mbona husemi habari za StarLink? Mahindi yaliyoruhusiwa kwa mifugo peke yake, mwaka 2000 yakakutwa kwenye chakula cha watu, bidhaa zikarudishwa kwa mamia. Hiyo si hadithi ya panya.

#10 Mzee wa Takwimu

Ulichapishwa tena, jarida jingine, data zile zile, panya 10 wale wale.

StarLink nakubaliana nawe nusu. Ni kweli protini yake ya Cry9C ilinyimwa kibali cha chakula cha binadamu kwa sababu ilikuwa inachelewa kumeng'enywa, na ni kweli ilipenya. Watu walilalamika kuugua, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikapima damu zao, na 2001 kikatoa ripoti kwamba hakikupata ushahidi wa mzio dhidi ya Cry9C. Kwa hiyo una udhaifu wa usimamizi uliothibitika, na madhara ambayo hayakuthibitika. Tusivichanganye.

Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia tafiti zaidi ya 900 na kutoa kitabu kizima 2016. Hawakukuta tofauti ya hatari kwa afya kati ya mazao ya GMO yaliyopo sokoni na ya kawaida. Kuhusu lebo walisema wazi: usalama peke yake hauhalalishi lebo ya lazima, ila suala lina upande wa jamii na uchumi unaokwenda mbali kuliko sayansi.

#11 Wakili wa Mlaji

Hiyo sentensi ya mwisho wengi huikata wanaponukuu, nashukuru umeiacha. Mtu anaweza kuamini GMO ni salama kabisa na bado asitake kununua, kwa sababu hapendi hataza za mbegu au hapendi dawa za magugu zinavyomwagwa. Glaifoseti, mojawapo ya dawa hizo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani. Mamlaka nyingine zimelipinga hilo, lakini mlaji ana haki ya kuchagua upande wakati wao wanaendelea kubishana.

#12 Zumaridi

Wakili, lebo ya GMO haikuambii habari za glaifoseti. Kuna GMO isiyohusiana kabisa na dawa ya magugu: papai la Rainbow la Hawaii, lililotolewa kwa wakulima 1998, limebadilishwa ili lisiuawe na virusi vya madoa-duara. Na kuna ngano ya kawaida, isiyo GMO, inayopuliziwa glaifoseti karibu na mavuno ili ikauke sawasawa. Ukitaka kukwepa dawa, soma mabaki ya dawa. Lebo ya GMO itakupeleka njia siyo.

Nimefanya kazi kiwanda cha kusaga mahindi kwa muda mrefu. Ikija oda ya "isiyo GMO" inabidi kuzimisha laini, kufagia vifuniko, kupuliza mabomba, kusaga mzigo wa kwanza na kuutupa kwenye chakula cha mifugo, ndipo uanze kuhesabu. Punje zilizojificha kwenye pembe ya lifti ya nafaka zinatosha kukuharibia kipimo. Ndiyo maana kila nchi ina kiwango chake cha kusamehe: Ulaya asilimia 0.9 kwa kila kiungo, tena iwe imeingia kwa bahati mbaya, Australia na Brazil asilimia 1, Marekani 5. Hizo namba zimetokana na mazungumzo ya mezani. Hakuna tumbo linalotofautisha 0.9 na 1.

#13 Mpiga Chapa

Mimi nachora vifungashio, niwape upande wa mezani kwangu.

Lebo moja si sawa na lebo nyingine. Brazil wanatumia pembetatu ya njano yenye herufi T nyeusi katikati. Mtu yeyote aliyewahi kuona kibao cha tahadhari barabarani anashtuka kabla hajasoma. Marekani wamechora duara la kijani lenye shamba na jua linalochomoza. Habari ni ile ile, lakini la kwanza linasema kimbia na la pili linasema karibu shambani. Mteja akija kwangu haniulizi "tuandike au tusiandike". Ananiuliza sheria inaruhusu udogo wa milimita ngapi.

Na kuna msimbo wa QR. Sheria ya Marekani ya Julai 2016 iliruhusu kampuni iweke msimbo badala ya maneno. Wizara yao yenyewe iliagiza utafiti, ukatoka 2017, ukaonyesha wanunuzi wengi walikwama: simu haisomi, mtandao hakuna dukani, au mtu hajui kabisa kwamba huo msimbo una habari za chakula. Mama Nuru na mtoto mkono mmoja, kikapu mkono mwingine, aanze kupiga picha pakiti 30?

#14 Mama Nuru

Umenisemea mdogo wangu. Simu yenyewe muda huo anaichezea yeye.

#15 Mzee wa Takwimu

Kwenye kushtuka, Mpiga Chapa, kuna ushahidi unaokwenda kinyume na wengi wanavyodhani. Jimbo la Vermont lilianza lebo za lazima 1 Julai 2016, maneno tu, bila pembetatu. Sheria ya shirikisho ikaja kuizima mwezi huo huo. Watafiti Jane Kolodinsky na Jayson Lusk walikuwa na data za maoni kabla na baada, wakachapisha 2018: ukilinganisha na kwingine nchini, upinzani dhidi ya GMO Vermont ulishuka kwa asilimia 19. Watu walipoandikiwa, woga ulipungua.

Lakini huyo huyo Lusk alifanya uchunguzi mwingine 2015 akakuta zaidi ya asilimia 80 ya waliohojiwa wanaunga mkono lebo ya lazima kwa vyakula "vyenye DNA". Kila mmea una DNA. Kila samaki. Sasa ukiniambia umma unataka lebo, nauliza umma umeelewa swali?

#16 Wakili wa Mlaji

Hapo nakataa kwa nguvu zote. Mtu akijibu vibaya swali la kutega kwenye dodoso hapotezi haki yake ya kujua anachokula. Wengi wetu hatujui sodiamu ni nini kikemia, na bado kiasi chake kinaandikwa.

Na watu wamelipigia kura jambo hili wakiwa na akili zao. California 2012, Pendekezo la 37 la kulazimisha lebo ya GMO lilianguka kwa asilimia 51.4 dhidi ya 48.6, baada ya wapinzani kumwaga zaidi ya dola milioni 40 kwenye matangazo. Oregon 2014, pendekezo kama hilo, kura karibu milioni moja na nusu, tofauti ilikuwa kura 837. Hao wote hawakuelewa swali?

#17 Zumaridi

Hayo matangazo ya California yalitisha watu kwamba bei za vyakula zitapanda, na hoja ya bei si ya kupuuza yote. Wino ni rahisi. Gharama ni kile nilichoeleza pale juu, kutenganisha ghala na ghala, lori na lori.

Ila niwape mfano wa upande wa pili. Uingereza 1996 kampuni ya Zeneca walitoa nyanya ya kopo iliyotokana na nyanya ya GMO. Iliuzwa kwenye maduka ya Sainsbury's na Safeway ikiwa imeandikwa waziwazi mbele ya kopo, na ilikuwa rahisi kuliko nyingine. Ilinunuliwa vizuri sana! Ilikuja kuzama baadaye, hofu ilipopanda nchini kuanzia 1998. Mwaka 1999 ikatoweka rafuni. Lebo ile ile, kopo lile lile, watu wale wale.

#18 Nyuki Dume

Basi mtajua wenyewe. Mimi nachukua zenye maandishi ya "haina GMO" maisha yanaendelea.

#19 Darubini

Nyuki, uwe unasoma na jina la bidhaa. Kuna chumvi inauzwa na maandishi hayo. Chumvi haina jeni hata moja, ni madini. Unalipia zaidi kwa kuondolewa kitu ambacho hakikuwepo. Japani angalau wamebana: tangu Aprili 2023 huwezi kudai "si GMO" kwa soya au mahindi isipokuwa kipimo kisione GMO kabisa. Kabla ya hapo ulivumiliwa hadi asilimia 5.

#20 Nyuki Dume

Chumvi niachie Darubini, chumvi naijua 😂 Nazungumzia mahindi.

#21 Msomaji Kimya

Huwa napita tu humu, leo nachangia. Jibini je? Nilisikia nayo ina mkono wa GMO na mbona haijawahi kuandikwa popote, hata huko Ulaya mnakokusifia?

#22 Darubini

Karibu, swali zuri. Kimeng'enya cha kugandisha maziwa, kimosini, zamani kilitolewa kwenye tumbo la ndama. Mwaka 1990 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu kimosini kinachotengenezwa na vijidudu vilivyotiwa jeni ya ng'ombe. Leo jibini nyingi Marekani inagandishwa hivyo. Kijidudu chenyewe kinaondolewa, kinabaki kimeng'enya, nacho kinahesabiwa kuwa msaada wa utengenezaji. Ulaya hawadai lebo.

Sasa mleta mada, unajibuje hili? Umesema wao wanaangalia kilikotoka. Mafuta ya soya yasiyo na DNA yanaandikwa, jibini iliyogandishwa na kazi ya kijidudu cha GMO haiandikwi. Nyama na maziwa ya ng'ombe aliyelishwa soya ya GMO haviandikwi pia. Mfuko wa chakula cha mifugo una lebo, glasi ya maziwa haina.

#23 Mlango wa Nne

Najibu kwamba sheria yao ina matundu, na dawa ya tundu ni kuziba. Kuacha ukuta wote uanguke si jibu. Ningeandika na maziwa. Ujerumani wamefungua njia ya hiari: mfugaji ambaye hakulisha GMO anaweka alama ya "Ohne Gentechnik" (bila uhandisi jeni) na mnunuzi anaiona.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mazao yaliyopigwa mionzi. Kuna balungi jekundu lililopatikana kwa kurusha nyutroni kwenye mbegu. Orodha ya mashirika ya kimataifa ya chakula (FAO) na ya nguvu za atomiki (IAEA) ina aina zaidi ya 3,000 za mimea iliyozalishwa kwa kuvuruga vinasaba kwa mionzi au kemikali, na hakuna anayetakiwa kuandika kitu. Halafu mtu akirekebisha herufi moja ya jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kurekebisha DNA mahali unapotaka, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua 25 Julai 2018 kwamba mmea huo ni GMO. Nikishikilia "haki ya kujua namna kilivyozalishwa", naona nalazimika kudai lebo na kwa balungi lile. Na niko tayari.

#24 Zumaridi

Ukiwa tayari kwa balungi jiandae na pakiti yenye ukurasa mzima. Mpiga Chapa atapata kazi ya kudumu.

#25 Mpiga Chapa

Kazi naitaka, ila Mama Nuru ndiye atakayeumia. Kila mstari mnaoniongezea unalisukuma lile neno lake la soya chini, na herufi zinapungua. Mnisikilize kwenye hili: nafasi kwenye pakiti ndogo ni vita, na anayeshindwa kila mara ni yule anayehitaji kusoma ili asiumwe.

#26 Wakili wa Mlaji

Vizio vina sheria yake Ulaya, vinapaswa kukolezwa wino ndani ya orodha ya viungo na herufi zina kimo cha chini kisheria. Havigombanii nafasi na GMO. GMO yenyewe mara nyingi inaandikwa kwa maneno machache ndani ya orodha hiyo hiyo, pembeni ya jina la kiungo. Tusimtumie Mama Nuru kuzima hoja.

#27 Mama Nuru

Sijatumiwa na mtu Wakili, nimesema mwenyewe. Kukolezwa wino ni Ulaya. Pakiti ninazoshika mimi zinatoka kila pembe ya dunia na nyingine hazijakolezwa chochote.

Narudi kwa Darubini. Hiyo ya CRISPR, ya kurekebisha herufi moja, unaweza kuipima?

#28 Darubini

Kuiona naweza, ukiniambia kabla nitafute herufi gani na wapi. Kuthibitisha ilikotoka ndiko kunakonishinda. Herufi moja inaweza kubadilika yenyewe shambani, au kwa mionzi, au kwa CRISPR, na kwenye kioo changu zote tatu zinatoa mstari unaofanana. Hakuna 35S ya kushika wala NOS. Japani nyanya ya namna hiyo yenye GABA (kiambata cha asili) nyingi ilianza kuuzwa 2021, na hawakuiwekea sharti la lebo ya GMO kwa sababu haina jeni ya kigeni.

#29 Mlango wa Nne

Kwa hiyo tumerudi kwenye karatasi za Wakili: anayezalisha mbegu aseme mwanzoni, na maandishi yafuate mzigo. Zumaridi, wewe umekaa kiwandani. Hizo karatasi zilikuwa zinalingana na kilichomo ghalani, au ilikuwa kusaini tu?

#30 Zumaridi

Kwa oda ya bei nzuri, zililingana, maana mnunuzi alituma mtu wake akae mlangoni na kuchota sampuli kwenye kila lori kabla halijamwaga. Kwa oda za kawaida, karatasi ilikuja na dereva, ikapigwa muhuri, ikaingia kwenye faili. Sikuwahi kuona mtu akirudi kulifungua lile faili.